Nimefunga spika yenye sumaku kali zaidi, mbona besi imepotea?

SWALI

Mshauri, salaam. Huu ni mwaka wa 11 ninapiga gitaa la besi la nyuzi nne, na tatizo nililonalo limeninyima raha ya kushika chombo changu.

Boksi langu la spika nilichongewa na seremala. Ni la plaiwudi, limefungwa pande zote, halina tundu lolote. Kwa ndani lina urefu wa sentimita 60, upana 42 na kina 36, na nimelijaza ile pamba ya mito. Miaka yote humo ndani kulikuwa na spika moja ya inchi 15 yenye sumaku ya feraiti. Kuibeba ilikuwa kazi, lakini noti ya C, ile ya freti ya tatu kwenye uzi wa A, ilikuwa inagonga mpaka naisikia kifuani.

Mgongo ulipoanza kuuma nikanunua spika nyingine ya inchi 15, hii ina sumaku ya neodimiamu. Ni nyepesi, karibu nusu ya uzito wa ile ya kwanza, sumaku yake inasifiwa kuwa kali zaidi na inabeba wati nyingi zaidi. Nilipoifunga, besi ikapotea. Vidole vikigusa nyuzi vinasikika vizuri kuliko zamani, sauti za kati zimejaa tele, ila C yangu ni kama mtu anayeongea akiwa chumba cha pili. Nimezungusha kitufe cha besi kwenye amplifaya mpaka mwisho, koni ikaanza kupepea hadi nikaogopa.

Mwenzangu kwenye bendi anasema neodimiamu haina besi, nirudi kwenye feraiti. Mwingine anasema sumaku hii ni ndogo, nitafute spika yenye sumaku kubwa zaidi. Karatasi za spika zote mbili ninazo lakini namba zake sizielewi. Ya zamani: Fs 40 Hz, Qts 0.55, Vas lita 150, 94 dB. Mpya: Fs 41 Hz, Qts 0.27, Vas lita 155, 98 dB. Ile ya zamani bado nzima. Nifanye nini?

Mpiga besi wa nyuzi nne


JIBU

Ndugu yangu, kwanza usiuze chochote. Spika yako mpya si mbovu, wala neodimiamu haijakuibia besi. Ulichofanya ni kuweka spika yenye breki kali ndani ya boksi lililokuwa likiishi vizuri na spika yenye breki laini. Umetaja C ya freti ya tatu, umetaja vipimo vya boksi, umeandika namba zote nane. Laiti kila barua ingekuja hivi, kwa sababu kwa namba hizo tunaweza kuona kabisa besi yako imeendea wapi.

Kabla ya hesabu, fanya jaribio hili dogo. Weka spika ya zamani mezani, koni ikitazama juu, isiunganishwe na kitu. Gonga koni taratibu kwa ncha ya kidole, karibu na katikati. Utasikia "buuu", mlio mzito unaochelewa kuisha. Sasa chukua kipande cha waya, unganisha zile ncha mbili za spika, chanya na hasi, kisha gonga tena palepale. Utasikia mlio umekatika: "bu". Rudia yote kwa spika mpya. Waya ukiwa umeunganishwa, mpya itasema "tu" kavu, kama umegonga kitabu.

Hakuna umeme uliouingiza. Breki hiyo imetoka wapi? Imetoka kwenye sumaku. Nyuma ya koni kuna koili ya waya inayokaa kwenye mwanya mwembamba wa duara, na sumaku imeujaza mwanya huo kwa nguvu zake. Amplifaya ikipeleka mkondo, koili inasukumwa, koni inatembea. Lakini koili hiyohiyo ikitembea ndani ya sumaku inazalisha umeme wake yenyewe, na umeme huo unapinga mwendo. Ukiunganisha ncha kwa waya, umeme unapata njia ya kuzunguka na breki inashika. Amplifaya nyingi za kisasa, kwa macho ya spika, ni kama waya huo. Kwa hiyo kila unapopiga, sumaku inafanya kazi mbili kwa wakati mmoja: inasukuma na inakaba. Sumaku ikiwa kali zaidi, inasukuma zaidi na inakaba zaidi.

Watu wengi hawajaambiwa hili, na linaniuma kuona wapigaji wakinunua sumaku kubwa wakidhani wananunua besi. Kwenye sauti za kati, koni inazuiwa hasa na uzito wake, hivyo msukumo mkali unashinda na spika inakuwa na sauti kubwa zaidi. Lakini kwenye yale masafa ambayo koni hupenda kuvuma yenyewe, kinachoamua ni breki. Hapo sumaku kali inapunguza mlio.

Sasa tusome namba zako. Fs ni masafa ambayo koni huvuma yenyewe ikiwa nje ya boksi. Qts ni kipimo cha breki: namba kubwa, koni inaachwa ivume, namba ndogo, inakabwa. Vas inaeleza ulaini wa koni, ikilinganishwa na ujazo wa hewa wenye ulaini uleule. Vipimo hivi vinabeba majina ya Neville Thiele, mhandisi wa Australia aliyechapisha kazi yake mwaka 1961, na Richard Small aliyeiendeleza miaka ya mwanzo ya 1970. Kabla yao boksi lilitengenezwa zaidi kwa kubahatisha.

Boksi lako lina lita 90. Hewa iliyofungiwa humo ni springi inayoongezeka kwenye springi ya koni, na inapandisha Fs na Qts pamoja kwa kiwango kimoja. Kwa spika ya zamani kiwango hicho ni mara 1.63. Fs inatoka 40 na kufika 65 Hz, na Qts inatoka 0.55 na kufika 0.90. Na je, C ya freti ya tatu kwenye uzi wa A iko wapi? Iko 65.4 Hz. Kwa hiyo bila wewe kujua, wala seremala, boksi lako lilikuwa linavuma palepale kwenye noti uliyoipenda, na breki ilikuwa laini kiasi cha kuiacha ivume. Kile kifua chako kilisikia jambo la kweli.

Kwa spika mpya, masafa ya boksi yanafika kama 68 Hz, karibu palepale. Tofauti ni breki: Qts inaishia 0.45, nusu ya ile ya kwanza. Ukikokotoa, C kwenye spika ya zamani ilikuwa chini ya sauti za kati kwa kama desibeli 1 tu. Kwenye mpya iko chini kwa desibeli 7. Sasa rudi kwenye zile 94 na 98 za mwisho wa orodha, ambazo ni sauti ya spika kwa wati moja ukiwa mita moja. Sauti za kati za spika mpya zimepanda desibeli 4, wakati C imetoka 93 ikashuka hadi 91. Ukipunguza volyumu ili sauti za kati zisiwapasue masikio wenzako, C inabaki nyuma kwa desibeli 6, sawa na kuipa robo ya nguvu uliyokuwa ukiipa. Ndiyo maana vidole vyako vinasikika vizuri na besi haipo. Sikio lako halijakosea hata kidogo.

Kuhusu mwenzako anayelaumu neodimiamu: mwambie kwa heshima kwamba koili haijui sumaku imetengenezwa kwa kitu gani. Inajua nguvu iliyomo kwenye mwanya, urefu wa waya uliomo humo, na inajua joto. Ukipata spika ya feraiti na ya neodimiamu zenye koni ileile, koili ileile na nguvu ileile kwenye mwanya, boksi litazichukulia kama ndugu mapacha kule chini kwenye besi. Neodimiamu, iliyojitokeza miaka ya mwanzo ya 1980, ina nguvu karibu mara 10 ya feraiti kwa ujazo uleule, kwa hiyo kipande kidogo kinatosha na mgongo wako unapona. Kwa vile nguvu imekuwa rahisi kupatikana, watengenezaji wengi wakaitumia kutengeneza spika zenye breki kali kwa ajili ya maboksi yenye tundu. Hapo ndipo ulipozaliwa uvumi kwamba neodimiamu haina besi. Na huyo wa pili, anayetaka sumaku kubwa zaidi, ukifuata ushauri wake C itazidi kuzama.

Zipo tofauti za kweli kati ya sumaku, ila ziko kwingine. Alniko, mchanganyiko wa alumini, nikeli na kobalti, ndiyo iliyokuwa kwenye spika nyingi za zamani, zikiwemo za amplifaya ya Fender Bassman ya miaka ya 1950. Kobalti ilipopanda bei mwishoni mwa miaka ya 1970 kwa sababu ya vurugu za Zaire, viwanda vikahamia feraiti kwa wingi. Alniko inavumilia joto kuliko zote lakini inapoteza sumaku kirahisi ikipigwa na mkondo mkubwa unaoipinga. Neodimiamu nayo haipendi joto; zile za daraja la kawaida huanza kudhoofika moja kwa moja zikivuka nyuzi joto 80 hivi, ndiyo maana spika nzuri za aina hiyo zina mapezi ya kupoza nyuma. Usiifunike.

Koili yenyewe nayo, ya sumaku yoyote, upinzani wa waya wake wa shaba unapanda kwa karibu asilimia 0.4 kwa kila nyuzi moja ya joto. Koili ikifika nyuzi 200 katikati ya onyesho, upinzani umeongezeka kwa asilimia 70 na spika inapokea nguvu ndogo kuliko mwanzo. Kile kitufe cha besi ulichozungusha mpaka mwisho kinachochea moto huo. Kuongeza desibeli 6 ni kudai nguvu mara 4, kuongeza 12 ni mara 16, na yote hayo kule chini ambako koni inalazimika kutembea mbali zaidi. Kirudishe katikati leo, kabla ya kufanya jambo lingine.

Sasa dawa. Una njia mbili.

Ya kwanza ni kurudisha spika ya zamani kwenye boksi hilo. Wanaendana, na ushahidi ni miaka yako yote ya furaha. Kama mgongo ungekuwa hauumi, ningeishia hapa. Wala usidhani boksi lililofungwa ni la daraja la chini. Boksi la Ampeg SVT lililotoka mwaka 1969, lenye spika nane za inchi 10, limefungwa, na sauti yake huanza kushuka karibu na 60 Hz, yaani juu kabisa ya E ya wazi, uzi mnene usiobonyezwa freti, ambayo ni 41 Hz. Bado limebeba besi kwenye majukwaa makubwa ya dunia, kwa sababu sikio likipata 82 Hz na 123 Hz zinazopanda juu ya E hiyo, linaijaza lenyewe ile ya chini.

Ya pili, na ndiyo ningeichagua kwa hali yako, ni kulitoboa boksi na kulitia bomba la hewa. Hewa iliyo kwenye bomba ina uzito, hewa iliyo ndani ya boksi ni springi, na vikikutana vinavuma kama chupa unayoipuliza mdomoni. Karibu na masafa hayo koni inatulia na bomba ndilo linalotoa sauti. Spika ya breki kali inapenda sana mpango huu. Kwa namba zako, boksi la lita 90 likivuma kwenye 45 Hz, ile C inapanda kutoka desibeli 7 chini hadi kama 2 chini. E ya wazi, ambayo sasa iko chini kwa 12, inapanda hadi kama 5 au 6 chini. Hiyo ni besi ambayo hata boksi lako la zamani halikuwa nayo kule chini kabisa, na sauti za kati unazozisifu zinabaki.

Tumia mabomba mawili ya plastiki yenye upana wa ndani wa sentimita 10. Niliwahi kutumia bomba moja jembamba nikiona linatosha, na kila nikikaza mkono kwenye E likapuliza "fyuuu" hadharani, nikaishia kutoboa upya. Hewa inayotoka hapo ni nyingi kuliko unavyodhani. Kata kila bomba liwe na sentimita 20 kwa kuanzia. Urefu wa mwisho utakuwa 18 au 19 hivi, lakini bomba refu linakatika, fupi halirefuki. Mbele ya boksi lako, chini ya spika, una nafasi. Ikibana, toboa nyuma. Wimbi la 45 Hz lina urefu wa zaidi ya mita 7, halijali limetokea upande gani, mradi usiligandamize boksi ukutani. Ncha ya ndani ya bomba iwe mbali na ubao wowote kwa angalau sentimita 10.

Ile pamba ya mito itoe. Kwenye boksi lililofungwa inasaidia, inalifanya lionekane kubwa kidogo kwa spika, lakini kwenye boksi la bomba inaziba pumzi. Bakiza tabaka moja kwenye kuta, lisikaribie mdomo wa bomba. Na ukiwa umelifungua, gonga kila ubao kwa vifundo vya vidole. Ubao unaojibu kwa mlio mrefu unakula nguvu zako na kupaka matope kwenye noti. Chukua kipande cha mti, kata kwa upana wa ndani, kigundishe kwa gundi ya mbao na skrubu kiunganishe kuta mbili zinazotazamana, si katikati hasa bali pembeni kidogo. Gonga tena usikie. Ni kazi ya jioni moja na siijui nyingine inayolipa vizuri hivi.

Kupima mvumo huna haja ya mashine. Weka kwenye simu programu inayotoa mlio wa masafa unayochagua, iunganishe na amplifaya, volyumu ndogo. Anza na 70 Hz ukishuka pole pole huku ukitazama koni kwa taa ya pembeni. Itazidi kutikisika, kisha utafika mahali inatulia ghafla kama imelala, ilhali mkono wako mbele ya bomba unasikia upepo. Hapo ndipo boksi linapovuma. Kama ni 43, kata nusu sentimita kila bomba, upime tena. Ukifika 45, gundisha.

Mambo mawili ya kuchunga baadaye. Chini ya mvumo wa bomba, hewa haiishikilii koni tena, inakuwa kama spika isiyo na boksi. E yako ya 41 Hz iko karibu vya kutosha, haina shida. Lakini siku ukilegeza uzi hadi D, ambayo ni 36.7 Hz, au ukinunua besi ya nyuzi tano yenye B ya 31 Hz, tumia kichujio cha kukata yaliyo chini ya 35 au 40 Hz. Baadhi ya amplifaya za besi zinacho. La pili, ukishatoboa, usiirudishe spika ya zamani humo bila kuziba mabomba. Breki yake ni laini mno kwa boksi la bomba, itavuma noti moja tu na kumeza nyingine. Tengeneza vifuniko viwili vya mbao vyenye mpira, vikae vizuri kwenye midomo ya mabomba. Ukivitia unarudi kwenye boksi lililofungwa; hapo spika ya zamani ina nyumba yake siku mpya ikiugua.

Usipende kulisikiliza boksi ukiwa umesimama juu yake, miguu ikiligusa. Mpe mtu gitaa apige C ileile, freti ya tatu, huku wewe ukiwa mita 4 mbali, kitufe cha besi kikiwa katikati. Kisha apige E ya wazi. Ukishasikia, niandikie uniambie mabomba yameishia sentimita ngapi.